Gemu ya Windows Imegoma Kwenye Steam Deck: Mwongozo Kamili, Kuanzia Bando Hadi Kuchezeka

Unabonyeza "Play" kwenye Steam Deck (kompyuta ya gemu ya kushika mkononi ya kampuni ya Valve, wenye duka la Steam), kioo kinakuwa cheusi, kiduara kinazunguka, kisha unarudishwa ulipotoka bila hata neno la kukuaga. Kuanzia hosteli za UDOM hadi Nzuguni na Ipagala, hapa Dodoma, swali ni lile lile: mbona kwa fulani inacheza, kwangu inagoma?

Mara nyingi gemu haina ubovu. Kilichokosewa ni mpangilio. Mtu anamaliza bando kupakua GB 80 ndipo anauliza kama inakubali. Ikigoma, anabadilisha mambo matano kwa mkupuo, halafu hajui lipi limetengeneza na lipi limeharibu. Hapa tunakwenda kwa utaratibu mmoja: hakiki, pakua, washa, kisha badilisha kitu kimoja kimoja.

Kuna jambo moja tu la kuelewa kabla ya kushika kifaa. SteamOS, mfumo endeshi wa Deck, ni Linux, wala si Windows iliyofichwa. Gemu ya Windows inaingia kupitia mkalimani anayeitwa Proton. Mkalimani huyu anageuza lugha ya michoro ya Windows, yaani DirectX, kuwa Vulkan, lugha ambayo Linux inaielewa: DirectX 8 hadi 11 hupitia DXVK, na DirectX 12 hupitia VKD3D-Proton. Vilevile, kila gemu hujengewa folda yake inayojifanya diski C ya Windows. Folda hiyo tutaiita chumba. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo lipo kwa mkalimani, kwenye chumba, au kwa mlinzi wa gemu (programu ya kuzuia udanganyifu) anayekataa wakalimani. Huyo wa tatu humwezi, na ndiyo maana tunaanza naye mapema.

Steam haina Kiswahili, kwa hiyo majina ya vitufe yameachwa kama yanavyoonekana kwenye kioo.

## Vitu vya kuandaa

Kifaa. Steam Deck ya LCD au OLED, au Legion Go S inayokuja na SteamOS. Mwenye ROG Ally (kifaa cha aina hiyo cha Asus) aliyeweka Bazzite (mfumo wa Linux unaofanana na SteamOS) naye anafuata hatua hizi hizi. Kinachotofautiana ni njia za mafaili na baadhi ya menyu.

Chaja ya USB-C yenye PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa) ya wati 45. Deck haiuzwi rasmi Tanzania, hivyo nyingi zinaingia na chaja ya Marekani yenye meno bapa mawili. Chaja hiyo inapokea volti 100 hadi 240. Nunua adapta ya kichwa tu kwa ajili ya soketi zetu za pini tatu, transfoma usiuziwe. Chaja ya kawaida ya simu itakupa onyo la kuchaji polepole, na ukiwa unacheza gemu nzito betri itaendelea kushuka huku waya umechomekwa.

Memori kadi ya microSD, GB 256 au zaidi, yenye alama za kasi za U3 na A2. Tundu la Deck ni la UHS-I, linalofika takriban MB 100 kwa sekunde. Kadi ya bei mbaya ya UHS-II haitakuongezea kitu.

Nafasi kwenye hifadhi ya ndani, angalau GB 20. Hata gemu ikikaa kwenye kadi, chumba chake na akiba yake ya shader (programu ndogo za kuchora picha) hubaki ndani. Wenye Deck ya GB 64 ndio wanaoumia zaidi: kadi nzima iko tupu, kifaa kinalia kimejaa.

Kibodi, mausi na habu ya USB-C. Unaweza kuishi bila hivi hadi hatua ya 5. Kuanzia hapo, kuandika kwa kioo cha kugusa ni adhabu. (Kibodi ya kwenye kioo huitwa kwa kushika kitufe cha Steam na X kwa pamoja.)

Kompyuta ya Windows yenye Steam, yako au ya rafiki, kama ipo. Utaona faida yake kwenye hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Sasisha kifaa, fomati kadi

Ingia "Settings", kisha "System", angalia masasisho na uyaweke. Baki kwenye chaneli ya "Stable". Chaneli za majaribio huleta vitu vipya, ila pia huleta matatizo ambayo hayapo kwenye mwongozo wowote.

Chomeka kadi, nenda "Settings", "Storage", fomati. Usitumie kadi iliyofomatiwa kwenye Windows au kwenye simu. Deck inataka mfumo wa mafaili wa Linux, ext4, kwa sababu exFAT haijui ruhusa za mafaili wala viungo vya mafaili ambavyo Steam hutegemea.

Kufomati ni kipimo pia. Kadi feki, ile iliyoandikwa GB 512 na ndani ina 32, mara nyingi hukwama hapa au hukataa kabisa. Ikikataa mara mbili, irudishe ulikoinunua. Usiibembeleze, maana hata ikikubali itakula gemu yako siku ya tatu.

Umefaulu ukiona: kadi ipo kwenye "Storage" ikiwa na ukubwa ulioulipia, pungufu kidogo tu.

## Hatua ya 2: Hakiki kabla shilingi haijatoka

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote zinazofuata zikijumlishwa.

Alama ya Valve. Kila gemu kwenye duka la Steam ina alama ya Deck. Tiki ya kijani maana yake imepimwa na inakwenda vizuri. Ya njano maana yake inacheza lakini kuna kero: maandishi madogo, au kuna mahali utalazimika kuita kibodi. Ya katazo maana yake imepimwa ikashindwa. Alama ya kuuliza maana yake haijapimwa, basi. Gemu nyingi zisizopimwa zinacheza bila shida, hivyo usikate tamaa kwa alama hiyo peke yake.

ProtonDB. Tovuti hii inakusanya ripoti za wachezaji na kuzipanga kwa madaraja kuanzia Platinum hadi Borked. Daraja lenyewe lisikuvimbishe kichwa. Soma ripoti za miezi ya karibuni, za watu wenye Deck, na uangalie vitu viwili: walitumia toleo gani la Proton, na waliweka amri gani ya kuwashia (tazama hatua ya 7). Ripoti ya miaka mitatu nyuma inayosema "safi kabisa" haina maana kama gemu imesasishwa mara kumi tangu hapo.

Mlinzi wa udanganyifu. Gemu nyingi za mtandaoni zina programu ya kuzuia wachezaji wanaodanganya. Baadhi hujipandikiza kwenye kiini cha Windows. Kwenye Deck hakuna kiini cha Windows cha kujipandikiza, kwa hiyo mlinzi anagoma na gemu inafungwa naye. Easy Anti-Cheat na BattlEye vimekuwa na njia ya kufanya kazi na Proton tangu 2021, lakini ni lazima mtengenezaji wa gemu airuhusu mwenyewe. Wengine wameruhusu, wengine hawataki. Tovuti ya Are We Anti-Cheat Yet ina orodha, gemu moja moja.

Zinazoulizwa sana na zisizokubali: Fortnite, Valorant, Call of Duty za karibuni, PUBG, Rainbow Six Siege, Destiny 2. Apex Legends ilikuwa inakubali, ikafungiwa Linux mwishoni mwa Oktoba 2024. GTA V inacheza upande wa hadithi. Upande wa Online uliwekewa BattlEye Septemba 2024 bila ruhusa ya Proton, ukafungwa.

Na sasa ile inayouma. EA SPORTS FC kuanzia FC 24 inatumia mlinzi wa EA mwenyewe, na haikubali kwenye SteamOS, hata ukitaka kucheza peke yako bila mtandao. Kama umenunua Deck ili uhamishe mechi za banda la gemu kuja sebuleni, hakuna Proton wala amri ya kuwashia itakayokusaidia. Anayekwambia ana dawa yake, mwombe akuonyeshe kwenye kifaa chako kabla hujatoa hela.

Dirisha la kurudisha. Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Muda gemu inapokaa wazi kwenye menyu huku unahangaika nao unahesabiwa. Jaribio la kwanza liwe la dakika 20, si la mkesha.

Umefaulu ukiweza kujibu: je, ina mlinzi, na ameruhusu Proton? Ni Proton ipi wengi wanaitumia? Ina ukubwa gani?

## Hatua ya 3: Pakua bila kuua bando

Kama wewe au rafiki ana gemu hiyo hiyo kwenye kompyuta ya Windows, usipakue upya. Steam inaweza kuihamisha kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Proton inatumia mafaili yale yale ya Windows, kwa hiyo yanafaa bila kubadilishwa.

1. Unganisha kompyuta na Deck kwenye ruta moja.
2. Kwenye kompyuta, fungua Steam, "Settings", "Downloads", tafuta sehemu ya kuhamisha gemu kwa mtandao wa ndani. Ruhusu akaunti yako, au marafiki kama kompyuta ni ya mwenzako.
3. Fanya hivyo hivyo kwenye Deck.
4. Acha Steam ya kompyuta ikiwa wazi bila gemu inayochezwa, kisha bonyeza "Install" kwenye Deck.

Ukurasa wa upakuaji utaonyesha kuwa mafaili yanatoka kwenye kompyuta. Intaneti bado inahitajika kidogo kwa uthibitisho, ila mzigo wenyewe haupiti kwenye bando. Rafiki kukupa mafaili hakukupi leseni. Gemu lazima iwe kwenye akaunti yako.

Kuna mtego hapa. Baadhi ya gemu, kama Euro Truck Simulator 2, zina toleo lake la Linux. Deck inaweza kuchagua toleo hilo, na mafaili ya Windows yaliyopo kwenye kompyuta yasifae. Ukitaka ya Windows, lazimisha Proton kwanza (hatua ya 5), ndipo ubonyeze "Install".

Wanaopakua kwa bando: kwenye "Downloads" panga saa za masasisho ya kujiendesha yaangukie kwenye muda wa bando lako la usiku. Kwa gemu nzito, ingia "Properties", "Updates", uchague isasishwe pale tu unapoiwasha. Bila hivyo, Deck iliyoachwa kwenye hotspoti ya simu itakunywa GB 15 za sasisho la gemu ambayo hujaigusa tangu Pasaka.

Usishangae kuona vitu usivyoviomba vinapakuliwa: Proton yenyewe, Steam Linux Runtime, na akiba ya shader. Viache. Shader zilizoandaliwa mapema ndizo zinazozuia gemu kukwamakwama kila adui mpya anapotokea.

## Hatua ya 4: Uwashaji wa kwanza

Washa gemu ukiwa na intaneti na chaji. Mara ya kwanza Steam hujenga chumba na kuingiza vitu vya Windows ambavyo gemu inavihitaji, kama DirectX na Visual C++. Kioo kinaweza kukaa cheusi dakika mbili au tatu. Subiri hadi dakika tano kabla hujaingilia.

Onyo: usizime kifaa kwa kushikilia kitufe cha kuwashia wakati huu. Chumba kikikatizwa ujenzi hubaki nusu, na gemu itagoma siku zote hata kama haina tatizo. Umeme ukikatika si neno, betri ipo. Mikono yenye haraka ndiyo hatari.

Gemu za EA, Ubisoft na Rockstar hufungua kwanza dirisha la kuingia kwenye akaunti. Padi ya kulia ya Deck ndiyo mausi yako, na kibodi inaitwa kwa Steam na X. Dirisha likibaki jeupe au jeusi zaidi ya dakika tano, funga gemu kupitia kitufe cha Steam, "Exit game", uwashe tena mara moja. Likirudia, nenda hatua ya 6.

Umefaulu ukiona: menyu ya gemu, sauti ipo, vitufe vinajibu, na unaweza kuingia mchezoni na kuhifadhi. Menyu peke yake si ushindi. Kuna gemu zinazoanguka pale pale unapobonyeza "New Game".

## Hatua ya 5: Badilisha mkalimani

Ikigoma, kwenye ukurasa wa gemu bonyeza alama ya gia, "Properties", "Compatibility", weka tiki kwenye kulazimisha zana maalumu, kisha chagua toleo. Jaribu kwa mpangilio huu:

1. Toleo linalotajwa na wengi kwenye ProtonDB. Kama ulifanya hatua ya 2, unalijua tayari.
2. Proton Experimental. Hupata marekebisho mapema, inafaa kwa gemu mpya.
3. Toleo la zamani la kawaida, kama 8.0 au 7.0. Gemu kongwe wakati mwingine huharibiwa na maendeleo.
4. GE-Proton. Hili halitoki Valve. Ni toleo la jumuiya lenye nyongeza, hasa za kusoma video. Ukiona mistari ya rangi kama ya televisheni isiyo na kipindi mahali palipopaswa kuwa na video ya utangulizi, au gemu ikianguka kila video inapoanza, ruka moja kwa moja hadi hili.

Kila toleo la Proton linachukua zaidi ya GB 1 likishafunguliwa, kwa hiyo futa usiyoyatumia.

Kuweka GE-Proton: bonyeza kitufe cha Steam, "Power", "Switch to Desktop", yaani hali ya mezani. Fungua duka la programu liitwalo Discover, tafuta ProtonUp-Qt, iweke, ifungue, bonyeza "Add version", chagua GE-Proton la karibuni, "Install". Rudi kwenye hali ya gemu. Kama halionekani kwenye orodha, zima Steam na uiwashe tena. Husoma orodha hiyo wakati wa kuwaka tu.

Usijaribu kuweka vitu kwa amri ya pacman (kiweka programu cha SteamOS) kwa sababu tu umeona video mtandaoni. Sehemu ya mfumo ya SteamOS imefungwa isiandikwe, na hata ukiifungua, sasisho lijalo litafuta ulichoweka. Kila kitu unachohitaji kipo Discover.

Onyo kwa gemu zenye Denuvo, kinga dhidi ya kukrakiwa (duka la Steam hutaja kwenye ukurasa wa gemu). Denuvo ikiona Proton imebadilika hudhani ni kompyuta nyingine. Ukibadilisha mara nyingi kwa siku moja, itakufungia kwa saa 24. Kwa gemu hizi usibahatishe: soma ripoti, chagua toleo moja, tulia nalo.

## Hatua ya 6: Vunja chumba, jenga upya

Kama ulishabadilisha Proton mara tatu nne, chumba kimebeba masalia ya kila mkalimani aliyepita. Hapo hata toleo sahihi linaweza kushindwa. Kukivunja chumba ni dawa kali lakini safi.

Kwanza okoa hifadhi zako za mchezo (save). Kama gemu ina Steam Cloud (hifadhi ya mtandaoni), hakikisha imemaliza kupandisha. Kama haina:

1. Kwenye hali ya mezani fungua Dolphin, programu ya kutazama mafaili, bonyeza Ctrl na H ili folda zilizofichwa zionekane.
2. Nenda `/home/deck/.local/share/Steam/steamapps/compatdata/`.
3. Utaona folda za namba. Namba ya gemu yako ni ile iliyo kwenye anwani ya ukurasa wake dukani. Gemu isiyo ya Steam ina namba ndefu. Programu ya Protontricks huonyesha ipi ni ipi.
4. Ingia `pfx/drive_c/users/steamuser/`. Hifadhi huwa kwenye Documents, Saved Games au AppData. Nakili folda zima kwenda kwenye flashi.

Kisha futa ile folda ya namba, yote. Mafaili ya gemu yenyewe hayapo humo, hutapakua upya. Rudi, hakikisha Proton uliyoichagua ndiyo iliyowekwa, washa gemu, na subiri kama hatua ya 4.

Umefaulu ukiona: folda ya namba ile ile imezaliwa upya na gemu inafika menyu. Rudisha hifadhi mahali pake baada ya hapo, si kabla.

## Hatua ya 7: Acha kubahatisha, soma kumbukumbu

Bado imegoma? Sasa iulize yenyewe. Kwenye "Properties", "General", sehemu ya "Launch Options", andika hivi bila kukosea herufi:

`PROTON_LOG=1 %command%`

Washa gemu, iache ianguke. Kwenye `/home/deck/` kutakuwa na faili jipya, `steam-` na namba ya gemu, likiishia na `.log`. Ni refu na limejaa makelele. Mistari mingi yenye neno "fixme" haina maana, ipuuze. Tafuta kwa Ctrl na F maneno `not found`.

Mfano wa mstari wenye maana ni unaosema `import_dll Library MSVCP140.dll` na kuishia na `not found`. Hiyo ni Visual C++ iliyokosekana chumbani. Dawa: Discover, weka Protontricks, chagua gemu, chagua chumba cha kawaida, weka kijenzi cha `vcrun2022`. Ikitajwa `d3dcompiler_47.dll`, kijenzi kina jina hilo hilo. Weka kinachotajwa tu. Kuna wanaotiki vijenzi vyote "kwa usalama". Hiyo ni kumpa mgonjwa duka zima la dawa.

Amri nyingine mbili za kuwa nazo:

`PROTON_USE_WINED3D=1 %command%` humtumia mkalimani wa zamani wa michoro. Inasaidia baadhi ya gemu kongwe zinazotoa picha iliyovunjika. Kwa gemu mpya itazidisha uzito bure.

`WINEDLLOVERRIDES="dinput8=n,b" %command%` ni kwa waliopachika modi zinazokuja na faili la dinput8.dll. Bila amri hii Proton hutumia dinput8 yake, na modi zako hazionekani kabisa, hata kama umeziweka mahali sahihi. Modi ikija na dll nyingine, weka jina la hiyo.

Ukimaliza, ondoa PROTON_LOG. Ikibaki, itaandika kila siku na kupunguza kasi.

## Hatua ya 8: Gemu zisizotoka Steam

Za Epic, GOG na Amazon: weka Heroic Games Launcher kutoka Discover, ingia akaunti, pakua, na bonyeza "Add to Steam" ili zionekane kwenye hali ya gemu.

Kwa kisakinishaji cha `.exe` ulichonacho mwenyewe, watu wengi hubofya mara mbili na kushangaa hakuna kinachotokea. Fanya hivi:

1. Hali ya mezani, Steam, "Add a Non-Steam Game", vinjari uchague `setup.exe`.
2. Kwenye "Properties" zake, lazimisha Proton.
3. Iwashe, sakinisha kama kwenye Windows, ukubali C iliyopendekezwa.
4. Usifute njia hii ya mkato. Rudi "Properties" na ubadilishe "Target" iwe `.exe` ya gemu iliyosakinishwa, ndani ya `compatdata/namba/pfx/drive_c/`. Badilisha na "Start In" iwe folda yake.

Namba ya nne ndiyo inayowaangusha. Ukifuta njia ya mkato na kuongeza mpya, Steam inajenga chumba kipya kitupu, na kila kilichosakinishwa kinabaki chumba cha zamani.

Kuhusu gemu za kukrakiwa zilizorushwa kwenye flashi dukani pamoja na muvi: zimebanwa kupita kiasi, zimekatwa mafaili, na hakuna anayejua kilichoongezwa ndani. Zikigoma, hakuna hatua hapa iliyoandikwa kwa ajili yake.

## Hatua ya 9: Joto na vumbi la Dodoma

Gemu inayocheza dakika 15 vizuri kisha ikaanza kukwama mara nyingi haina tatizo la Proton. Ni joto. Valve inasema Deck hufanya vizuri kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi, na chipu huanza kujipunguza kasi ikifika 100. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, chumba cha bati bila dari kinaweza kuvuka 35 mchana kweupe.

Bonyeza kitufe cha nukta tatu, ingia sehemu ya utendaji. Weka kikomo cha fremu 40 badala ya 60. Kwenye LCD, kasi ya kioo iende pamoja, 40. Kisha washa kikomo cha TDP (umeme unaotumiwa na chipu) na ushuke kutoka wati 15 hadi 10 au 11. Gemu nyingi za miaka iliyopita hazitaonyesha tofauti kwenye kioo cha 1280 kwa 800, lakini feni itatulia na betri itarefuka.

Hewa inaingia mgongoni na kutoka juu. Usiilaze Deck kwenye godoro au kanga. Vumbi liondoe kwa brashi laini kwenye matundu, kifaa kikiwa kimezimwa. Usiipeleke kwa fundi wa pikipiki aipulizie kompresa ya matairi: upepo ule una unyevu na unazungusha feni kasi kuliko ilivyoundwa.

## Hatua ya 10: Kabla ya kutoka kwenye mtandao

Unapanda SGR kwenda Dar na umepanga kucheza njia nzima? Gemu iliyobadilishwa Proton jana usiku na haijawashwa tena ikiwa na intaneti inaweza kukukataa ukishavuka Morogoro.

Siku moja kabla: maliza masasisho yote, washa kila gemu utakayobeba ukiwa na mtandao, ingia hadi ndani ya mchezo, hifadhi, toka. Kisha weka Steam kwenye "Offline Mode" na uziwashe zote tena ukiwa bado nyumbani. Inayogoma hapo, iache. Zenye Denuvo na zenye madirisha ya EA au Ubisoft ndizo za kujaribiwa kwanza.

Chaji ifike 100. Powerbanki iwe ya PD, wati 45. Ile ya wati 10 unayotumia kwa simu itasaidia tu Deck ikiwa imelala.